Miaka mitatu nikiandikwa helpa

Kuna madada wanne watano hivi wameniuliza kwa nyakati tofauti, mmoja anachomelea vyuma Malindi, mwengine anapiga plasta, na swali lao ni moja, ati nilifanyaje mpaka yule kontrakta aliyekuwa akiniandika helpa, yaani msaidizi tu, na hali nafanya kazi ya fundi stima, akanilipa. Nimechoka kurudia kwa voisi, kwa hiyo naandika mara moja, ni ndefu, atakayechoka aruke.

Mimi ni wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi ya stima nimefunzwa na ami yangu, ndugu yake baba, mzee aliyekuwa na mgongo mbovu na hana mtoto wa kiume, manake angekuwa na kijana hata mmoja sidhani kama mimi ningeshika playa. Yeye alikaa chini kwenye kiti cha plastiki akinielekeza na mimi niko juu ya ngazi na dera langu nimelifunga kiunoni, ndani suruali. Nikaenda politekniki, nikafanya tredi testi, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, baadaye nikarudi nikafanya ya pili nikapita. Kwa hiyo mimi si mtu aliyeokota kazi barabarani, nina makaratasi yangu, na shikeni hilo neno makaratasi kwa sababu ndo hadithi yote hii.

Kwa asiyejua nyumba za kwetu niseme kidogo. Ukuta wa nyumba ya mawe hapa Amu ni matumbawe na chokaa, unene wake unafika nusu mita, na si kama ukuta wa bloku ambao unapiga mstari kwa chaki unachimba unapitisha paipu basi. Ukipiga tindo pasipofaa, jiwe linaachia zima, linatoka na udongo wa nyuma yake, unabaki na shimo la kuingia paka. Na kama juu yake pana nakshi za plasta ushaharibu kitu ambacho aliyekifanya alishakufa zamani na hakuna wa kukurudishia. Dari nayo ni boriti za mikoko. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kwenda kubandika paipu nyeupe mbele ya nyumba kama unafunga duka la simu. Ami alinifunza kugonga ukuta kwa mpini wa tindo na kusikiliza. Jiwe lina sauti ya kukauka, maungio ya chokaa yana sauti ya kizito kidogo, kama kugonga kifuniko cha sufuria yenye wali. Unafuata maungio. Inachukua muda lakini ukimaliza huoni waya ilipopita.

Sasa 2018 nikapata kazi kwa kontrakta mmoja, simtaji, alikuwa anakarabati nyumba kubwa Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani, ya kugeuzwa ya wageni, na pembeni anajenga nyengine mpya. Wiki ya kwanza nikaambiwa nitaandikwa helpa kwa kuwa sijulikani, nikasema sawa. Helpa shilingi 700 kwa siku, fundi 1,500. Nikadhani ni wiki mbili tatu waone mkono wangu.

Mkono waliuona. Kufika mwezi wa tatu mimi ndo nilikuwa nachagua njia za waya kwenye ile nyumba ya kale, mimi ndo nasoma ramani, na ile mashini ya mega ya kupimia kama waya zinavuja alikuwa hakuna mwengine saiti anayeijua, foromani mwenyewe alikuwa anaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Lakini Jumamosi ikifika, foromani anakaa juu ya mfuko wa simiti, kitabu pajani, watu foleni, unaweka sahihi unapewa chako. Na mbele ya jina langu, herufi kubwa, HELPA. Wiki baada ya wiki. Nikawa naweka sahihi.

Hilo la kuweka sahihi nitalirudia.

Mwaka wa pili akaletwa kijana, mpole, ana adabu, hana tredi testi hata ya kuazima. Nikampa kazi mimi, nikamfunza kuunga soketi, kukata waya bila kuumiza shaba, yote. Miezi minane baadaye, Jumamosi moja, niko nyuma yake kwenye foleni naona anahesabiwa elfu tisa. Mimi yangu siku sita ni 4,200. Nikachungulia kitabu, FUNDI. Na Jumatatu yake, wallahi siongezi chumvi, akaja kuniuliza dada hii swichi ya ngazi, ile ya kuwasha chini ukazimia juu, waya wa katikati unakwenda wapi. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimekasirika mpaka mikono inatetemeka lakini nikamwonyesha, kwa sababu angeunga vibaya ingeonekana ni kazi yangu.

Nikamwendea foromani. Jibu la kwanza akanambia yule ana familia. Nikamwambia mimi nimeachika na nina watoto wawili, familia unayoijua wewe ni ipi? Akacheka. Siku nyengine nikamuuliza tena akasema kazi ya fundi ni ya nguvu, roli za kebo nzito, ngazi ndefu, nikianguka nani atanishika (hapo vijana wakacheka sana, mnajua vile walivyocheka). Mara ya tatu ikawa choo. Saiti haina choo cha wanawake kwa hiyo ofisi haiwezi kuniandika fundi. Yaani mimi niwe helpa kwa ajili ya choo, na huyo helpa anajisaidia wapi? Nilikuwa naenda kwa mama mmoja nyumba ya tatu, Mungu amlipe.

Baadaye ndo nikaja kuambiwa na loya kwamba hilo la choo kwanza ni kosa lao wenyewe, sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwenye kazi aweke vyoo vya kutosha, na kama ameajiri wanaume na wanawake basi viwe mbali mbali. Unavunja sheria halafu unaitumia kama sababu.

Mwaka wa tatu nikazidi kuuliza, na nikawa naambiwa nina mdomo. Jumamosi moja ya 2021 foromani akanipa pesa zangu akasema kazi ya waya imeisha, Jumatatu usije. Jumatatu nikasimama pale gati nikawatizama wenzangu wote wanaingia kwenye boti kwenda Shela, na yule kijana amebeba begi langu la vifaa nililolisahau saiti. Alinirudishia jioni. Akanambia, dada, waya hata nusu hatujafika.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza.

Jambo la kwanza lililonikuta si koti, ni wazee. Amu ni ndogo, yule kontrakta ana ukwe na watu wa mtaani kwetu, kwa hiyo kabla sijafanya lolote nikaitwa barazani. Nilikwenda kwa heshima, nikakaa. Mzee mmoja akanambia mwanangu, mambo ya riziki hayapelekwi mbali, yamalizwe hapa hapa. Wakanambia kontrakta amekubali nirudi kazini na atanipandisha niwe helpa mkuu. Helpa mkuu! Kama punda kuambiwa tumekutawaza punda mkubwa, mzigo ule ule. Na kama sitaki kurudi, kuna shilingi elfu kumi na tano na karatasi ya kutia sahihi.

Na nilikuwa nataka kutia sahihi, nisiwadanganye. Kodi miezi miwili, mtoto anadaiwa ada. Kalamu nilishaishika. Aliyeniokoa ni mke wa ami, alikuwa nyuma ya pazia, akasema kwa sauti ile yake, isomeni kwanza tuisikie. Ikasomwa. Ilikuwa inasema nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote juu ya kampuni sasa wala baadaye. Akasema mwanangu hatii sahihi kitu kama hicho kwa elfu kumi na tano. Tukaondoka. Loya alinambia baadaye kwamba karatasi kama ile ukishaitia sahihi kwa akili zako, kuja kuivunja kotini ni kazi ngumu sana, wengi wamekwama hapo.

Kuna watu walinambia niende kwa kadhi. Hii huwa naisikia mpaka leo kwa hiyo niiseme, Kadhi kwa Katiba yetu ni wa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu waliokubali kwenda kwake. Kibarua chako cha stima si chake, usimsumbue mzee wa watu.

Nikaenda ofisi ya leba. Ukiachishwa kazi kwa dhulma sheria inakupa miezi mitatu kumpelekea afisa wa leba malalamiko, mimi nilikwenda wiki ya tano. Afisa akamwandikia kontrakta barua aje tukae tuongee. Hakuja. Akaandikiwa tena, hakuja, akatuma mtu kusema mimi nilikuwa kibarua tu na vibarua hawana kesi. Nilipotoka pale nikajua hii ni ya koti.

Koti ya mambo ya kazi iliyo karibu nasi iko Malindi. Karibu ni neno tu. Unaamka saa tisa, boti ya alfajiri mpaka Mokowe, basi, Witu, unafika Garsen, unashuka kwenye vizuizi vya polisi na kitambulisho mkononi mkikaguliwa mmoja mmoja, unaingia Malindi umejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mara ya kwanza nilikwenda kumwona loya niliyeelekezwa, mwanamke, akakubali kunisimamia bila malipo ya mbele. Wapo mawakili wa namna hii, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wako tangu 1985 na Mombasa wana ofisi, kwa hiyo yule anayesema sina hela ya wakili aulize kwanza.

Nilimwekea mezani hadithi yangu yote, nikalia kidogo, akaniachia nikamaliza. Halafu akasema, dada, sasa nipe makaratasi.

Nikamwambia sina barua ya kazi, sina kontrakti, sina kitu. Akasema hilo si tatizo lako, ni lao. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007 kazi ya kufika miezi mitatu lazima iandikwe, na anayetakiwa kuiandika ni mwajiri, akishindwa kuionyesha kotini mzigo wa kuthibitisha yale masharti unamwangukia yeye. Na hilo la kibarua akalipangua vile vile, ukifanya kazi ya kutwa mfululizo siku zikatimia mwezi au zaidi sheria inakutoa kwenye ukibarua, hata wakuite kibarua mpaka uzeeke. Mimi nilikuwa na miaka mitatu kasoro kidogo.

Kisha akanifungulia kifungu cha 5. Nilikisoma mara tatu. Mwajiri asimbague mtu kwa sababu ya jinsia, katika kuajiri, kufunza, kupandisha cheo, masharti, kuachisha. Kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Na mstari ambao mimi naupenda kuliko yote, ukilalamika umebaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa athibitishe kwamba hakukubagua. Juu yake kuna Katiba ya 2010, ibara ya 27, inayokataza serikali na mtu binafsi pia kubagua kwa jinsia, kwa mimba, kwa hali ya ndoa. Kwa hiyo lile jibu la kijana ana familia lilikuwa limegonga mambo mawili kwa mpigo.

Lakini akanionya. Koti haimwiti mwajiri ajieleze kwa sababu wewe umekasirika. Lazima uweke kitu mezani kwanza, kinachoonyesha wewe na fulani mlifanya kazi moja, yeye mwanaume kalipwa hivi wewe hivi. Hapo ndo mzigo unahamia kwao. Na akasema watakuja na ile nafasi ambayo sheria imewaachia, kwamba si ubaguzi kama kazi yenyewe kwa asili yake inadai mtu wa namna fulani. Kazi yenyewe idai, akasema, si foromani.

Basi tukaanza kutafuta. Na hapa daftari la ami likaniokoa. Ami alinilea kwenye kazi kwa kunilazimisha niandike kila jioni nilichofanya, si kwa ajili ya sheria, alikuwa anaogopa fundi anayesahau waya gani umeenda wapi. Kwa hiyo nilikuwa na madaftari manne ya shule, yana mafuta ya taa na alama za vidole. Tarehe, chumba, pointi ngapi, nani alikuwa nami. "Leo chumba cha juu kaskazini, pointi 11, nimepima na mega, mbili zimevuja nimerudia. Kijana kanishikia ngazi." Ukurasa hadi ukurasa ni mimi napima na kijana ananishikia ngazi, na kwenye kitabu chao aliyeshika ngazi ndiye fundi.

Kitu cha pili M-Pesa. Mwaka wa mwisho walikuwa wanalipa kwa simu, kutoka namba ya foromani. Meseji zangu zilipotea nilipobadilisha simu, nikapagawa, kumbe Safaricom unaitisha steitimenti yako ya M-Pesa unaipata yote. 4,200, 4,200, 4,200, Jumamosi baada ya Jumamosi, ilikuwa kama tasbihi.

Kitu cha tatu cheti changu cha gredi ya pili. Serikali hutoa amri ya mishahara ya chini na humo ndani kibarua wa kawaida ana kiwango chake, na fundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza kila mmoja ana chake. Kwa hiyo neno fundi si sifa ya kupewa na foromani akiwa na furaha, lina pesa zake kwenye gazeti la serikali.

Yule kijana alinitumia picha ya malipo yake kwa WhatsApp usiku, halafu akaniandikia dada tafadhali usinitaje, mama yangu ananitegemea. Asubuhi alishaifuta. Sikumtaja. Nilishakuwa na picha, lakini loya akasema hatuihitaji, tutawaandikia watoe vitabu vyao wenyewe vya malipo, sheria inawataka waviweke, na wasipovitoa koti itajua kwa nini. Nilifurahi kwa hilo. Watu wa hapa walisema yule kijana mwoga, mimi sijawahi kumwona mwoga, alikuwa na miaka ishirini na mmoja na mama mgonjwa.

Kesi ikafunguliwa 2022. Kuna muda wa kufungua, mwisho miaka mitatu tangu jambo litokee, na kwa madhara yale ya kuendelea kama mshahara wa kila wiki ni miezi kumi na miwili tangu yakome, na mimi nilikuwa karibu kuipita hiyo ya pili kwa sababu ya kungoja wazee na kungoja leba. Chungeni hapo sana.

Koti za siku hizi zile za kutajwa tu nyingi zinafanyika kwa mtandao kwa hiyo si kila mara nilipanda basi. Nilikuwa napanda juu ya dari ya nyumba yetu ndo kuna netiweki, nimevaa buibui na mtandio vizuri, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Siku moja kesi yangu imeitwa, nafungua maiki kusema nipo Mheshimiwa, na punda wa jirani akaanza. Mnajua punda wa Amu akianza. Jaji akangoja mpaka akamaliza, akauliza, sasa naweza kumsikia mlalamikaji?

Siku ya kutoa ushahidi ndo nilikwenda Malindi mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo loya alinihadithia mambo ya nje ili nisiogope. Marekani, jimbo la Georgia, 1966, mama mmoja anaitwa Lorena Weeks aliomba kazi ya ufundi kwenye kampuni ya simu akanyimwa kwa kuwa ni mwanamke, sababu ikatolewa kwamba mwanamke hatakiwi kubeba zaidi ya ratili 30, hiyo ni kama kilo kumi na nne. Na taipureta aliyotakiwa kuibeba kila siku kwenye kazi yake ya ukarani ilizidi huo uzito! Akashindwa koti ya kwanza, akakata rufaa, 1969 akashinda, koti ikasema kampuni haiwezi kusema tu wanawake hawawezi, ithibitishe. Kazi yenyewe aliipata 1971. Kilo kumi na nne, mimi nilicheka, dumu la maji ni lita ishirini na Langoni nzima waliokuwa wakilibeba ni nani?

Lakini iliyonichoma ni ya Uingereza. 1968, kiwanda cha Ford pale Dagenham, mafundi cherehani wanawake 187 waligoma. Walikuwa wanashona viti vya magari, kazi ambayo kabla hujaingia unapimwa kama unaiweza, halafu kampuni ikawapanga daraja la wasio na ujuzi sana. Mgomo ulisimamisha kiwanda, waziri Barbara Castle akaingia kati, wakaongezwa pesa, na sheria ya malipo sawa ikapitishwa 1970. Lakini ile daraja ya kuitwa wenye ujuzi hawakupewa, waliipata baada ya kugoma tena 1984. Miaka kumi na sita. Pesa waliwapa, jina wakawanyima. Sikulala vizuri.

Kotini wakili wa kampuni alianza kwa upole. Akaniuliza cheti, nikaonyesha. Akaniuliza madaftari nimeandika lini, jana? Loya wangu akamwomba jaji ayashike, ayanuse kama anapenda. Kisha akafika pale pale nilipojua atafika, roli ya kebo ina kilo ngapi, unaibeba peke yako kutoka ufuoni mpaka saiti?

Nikamwambia hapana.

Akageuka kwa jaji kama mtu aliyemaliza. Nikasema, Mheshimiwa, hata mafundi wanaume hawazibebi. Shela hakuna gari, mzigo unashuka kwenye mashua, hamali wanautoa, unapandishwa juu ya punda. Kama kubeba kebo ndo kunamfanya mtu fundi basi punda ndo walikuwa wanaidai kampuni malipo yao. Karani alishika mdomo. Jaji hakucheka lakini aliandika, nilimwona anaandika.

Ngazi nayo akauliza, nikasema fungua daftari, nani aliyekuwa juu na nani chini.

Vitabu vyao waliambiwa wavilete kikao kinachofuata. Wakaleta vya mwaka mmoja, vyengine ati viliharibiwa na maji. Lakini huo mmoja ulitosha, wanaume wote wa stima waliopita miezi sita walikuwa wameandikwa mafundi, mwanamke mmoja miaka mitatu helpa. Na kwenye kila mstari sahihi yangu mimi. Wakili wao akaishikilia hiyo, alikubali mwenyewe, angalia sahihi. Loya akajibu kwamba sahihi ni ya kupokea 4,200 na 4,200 kweli alipokea, hakuna anayebisha. Ila nawaambia ningejua ningekuwa naandika pembeni kidogo, "nafanya kazi ya fundi", hata kwa penseli.

Hawakufika kuita mashahidi wao. Mapema 2024 wakataka maelewano, tukazungumza kupitia mawakili wiki sita hivi, yakaandikwa kotini kama amri. Kiasi siwezi kusema, tulikubaliana. Ilikuwa ni tofauti ya malipo kwa muda ule sheria ilioruhusu, na kitu juu yake kwa kubaguliwa na kwa kuachishwa bila kusikizwa. Ovataimu sikupata hata senti, sikuwa nimeandika saa za kutoka, ami alitaka niandike waya hakutaka saa. Walilipa kwa awamu tatu, ya mwisho ilichelewa mpaka loya akawatishia.

Kwenye maelewano nilikuwa nimeweka sharti moja ambalo wakili wao alidhani ni mzaha. Sheria inasema ukimaliza kazi mwajiri akupe cheti cha utumishi, kinataja ulifanya kazi gani na kuanzia lini mpaka lini. Nikasema kiandikwe fundi stima, tangu 2018. Loya wangu mwenyewe aliniambia dada pesa ni zile zile, nikamwambia si wewe ulonihadithia za wale mama wa Dagenham.

Kikaja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Nikakifungua pale pale Mokowe kabla sijapanda boti. Muhuri, sahihi, tarehe sawa sawa. Na kwenye kazi, kwa Kizungu lakini nawatafsiria, wameandika: Fundi Stima wa Kike.

Nikampigia loya. Akacheka sana, akasema kipokee tu, kimeshatimiza sharti. Nikamuuliza cheti cha yule kijana kitaandikwa fundi stima wa kiume? Akanyamaza. Nikakirudisha kwenye bahasha, nikampa dereva wa basi lile lile aondoke nacho.

Cha pili kilichukua wiki tatu.